Barua kwa vijana wa redio zetu za wilayani: acheni kuiiga Dar

Wanangu na wajukuu zangu mliopo kwenye redio za jamii na za wilaya, kuanzia huku kwetu Lindi na Mtwara mpaka Pangani, Sengerema, Micheweni na Terrat kule Simanjiro, asalaam aleikum, na wale wa Bwana Yesu asifiwe nao nawasalimu. Mi ni fundi mitambo mstaafu, minara naijua kuliko ninavyoijua siasa, kwahiyo humu kutakuwa na ufundi kidogo na uzee kidogo, mnivumilie.

Kila nikikutana na nyie siku hizi wimbo ni ule ule. Mzee redio inakufa, watu wote wako TikTok, muziki uko YouTube, mpira wanacheki kwenye simu, matangazo ya biashara yamehamia kwa wenye wafuasi wengi, FM imefika mwisho. Alafu nikimuuliza huyo anayelalamika, jana ulirusha nini, ananiambia asubuhi nilisoma magazeti, nikapiga bongofleva, saa nne udaku wa mastaa niliotoa Instagram, mchana muziki, jioni uchambuzi wa Simba na Yanga, usiku muziki tena. Sasa mwanangu, hivyo vyote si ndo vipo kwenye simu? Umechukua vitu ambavyo msikilizaji alishaviona saa kumi na mbili asubuhi akiwa kitandani, tena vina picha, ukaja kumsomea saa nne bila picha, alafu unashangaa amekuzima. Ni kupeleka samaki kuuza Feri, kwenye soko lenyewe la samaki la Dar. Na hata sauti mmebadilisha, mtoto kazaliwa Mtama kakulia Mtama, akishika maiki anaongea kama kazaliwa Sinza, bibi yake mwenyewe akimsikia hamjui.

Mtandao haujawaua. Mmeacha kazi yenu wenyewe mkaenda kugombania kazi ya watu wa Dar ambao wana hela kuliko nyie.

Kazi yenu ni ipi? Anzeni na matangazo ya vifo. Najua mnayaona ya kizee, na kuna stesheni moja huku kusini, jina nalihifadhi, imeyafuta kabisa eti yanaharibu vaibu ya kipindi. Jamani. Mtu kafa Nyangao hospitali, ndugu wako Rutamba, wako Nangurukuru, wako Liwale, mazishi ni leo leo baada ya swala ya alasiri. Mtasema kuna kundi la WhatsApp la ukoo. Lipo, na waliomo ni wenye simu janja na bando, yaani wale wale walioko mjini ambao hata hivyo kuzika hawatawahi. Mjomba mwenye kiswaswadu yuko shambani, redio inaongea chini ya mkorosho, yule ndo wa kuchimba kaburi na ndo hana habari. Tangazo la sekunde 30 linamfikia yeye na majirani wote kwa mpigo, na jirani asiye na redio anapelekewa na mwenye nayo. Redio iliyofuta hiyo kitu imejifuta yenyewe.

Alafu korosho. Kuanzia Oktoba huku kwetu hakuna habari nyingine, hata harusi zinasubiri korosho. Mkulima anataka kujua mnada wa juzi bei ya juu ilikuwa ngapi na ya chini ngapi, makato ni yapi na yanakwenda wapi, hela inaingia lini kwenye akaunti, salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao imefika ghala gani. Akikosa majibu anabaki na redio mbao, na redio mbao ikishavuma kwamba bei imeanguka, mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa magendo nje ya mnada, anapita usiku na kikombe chake anachukua mzigo kwa bei ya kutupa. Hamna ukurasa wa Instagram unaomwambia mkulima wa Ruangwa kwamba AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, haijalipa mnada wa kwanza wakati ya jirani imelipa. Nyie mnaweza. Mnamuita mwenyekiti wa AMCOS studio, mnamuita mtu wa vyama vikuu vya ushirika, RUNALI au Lindi Mwambao, simu zinafunguliwa, anaulizwa mubashara, na wanachama wake wanamjua kwa sauti. Kipindi cha hivyo gulioni hakuna atakayepunguza sauti. Na muwe na ubavu kidogo basi, mnapomuita mkurugenzi wa halmashauri msimkaribishe kama mgeni rasmi kwenye mahafali, muulizeni kisima cha kijiji fulani mwaka wa pili hakitoi maji kwanini, akimaliza kujibu muulizeni tena, na bahasha yake ya hela mrudishieni.

Mnasema haya mambo ni ya zamani. Sawa, ngoja niwapeleke zamani kidogo. Mwaka 1973 RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, walirusha kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, na haikuwa mtu anasikiliza peke yake kwenye spika za masikioni, watu walikaa vikundi vikundi na kijitabu na kiongozi wa kikundi, wanasikiliza, wanajadili, wakitoka hapo wanachimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Walioshiriki walikaribia milioni 2, kipindi hicho nchi nzima ina watu wangapi jamani, na simu ya mezani ilikuwa kwa bwana shamba na misheni tu. Sasa hivi nyie mna WhatsApp, mna kubipu, mna meseji, kikundi kinaweza kuwajibu dakika ile ile, na mnavitumia kwa nini? Kuomba nyimbo na kutumiana salamu. Salamu sizipingi, nami nimenunua kadi za salamu ujanani, ila isiwe masaa matatu kila siku.

Kuhusu huo mtandao wenyewe, nataka tupige hesabu kama mafundi. Redio ikirushwa mtandaoni kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo sauti yake ni ya kawaida tu, inakula karibu MB 29 kwa saa. Mama wa Kilwa Masoko anayewasha redio toka anakaanga vitumbua mpaka anafunga genge, tuseme masaa sita, hiyo ni kama MB 173 kwa siku, kwa mwezi inapita GB 5. Kwa redio ya betri anasikiliza bila kumlipa mtu wa mtandao hata senti. Kwahiyo meneja anayewaambia tuzime mtambo tupunguze umeme wa TANESCO tubaki mtandaoni, anachofanya ni kuhamisha gharama kutoka mfukoni kwake kwenda kwa huyo mama, na mama hatalipa, atazima. Kweli Norway stesheni za kitaifa zilitoka FM mwaka 2017 na Uswisi shirika lao la umma likazima mwisho wa 2024, wale walihamia mitambo mingine ya kidijitali ya hewani, sio kwenye bando, na Norway redio ndogo nyingi za mitaani zimeachwa kwenye FM zao. Msitishwe na kichwa cha habari.

Na mtandao unakatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepiga Mafia na huku kwetu, barabara ya Dar imekatika Somanga, watu wamelala njiani kwenye mabasi, kilichokuwa kinahitajika ni mtu wa kusema mubashara daraja gani limeondoka, basi zirudi au zisubiri, wavuvi wasitoke. Wiki moja baadae, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa inatambaa. Oktoba 2025 ikazimwa kabisa siku kadhaa, sababu mnazijua sitazichambua hapa. Mara zote hizo mnara wa FM wa wilayani unaweza kufanya kazi kama una jenereta yenye mafuta na mtu wa kukaa studio. Ndo nauliza, siku hizo nyie mlirusha nini? Kuna mahali nilisikia playlist imejiendesha yenyewe kwenye kompyuta, mvua inabomoa nyumba za watu huku redio inaimba mapenzi.

Wengine mmezoea kujaza masaa kwa kujiunga na redio za nje. Nazipenda, nimezisikiliza miaka mingi. Ila Machi 2025 mliona, Sauti ya Amerika ikanyamazishwa na serikali yake yenyewe, na waliokuwa wanaitegemea jioni wakabaki na saa tupu hawajui waweke nini. Na zile hela za miradi kutoka huko huko zikakatwa mwaka huo huo, vipindi vya afya na vya vijana vikafa na mradi wake. Kipindi ambacho wasikilizaji wanakihitaji hakipaswi kufa kwa barua kutoka Washington.

Sisemi mkimbie mtandao, msije mkanisingizia. Mahojiano ya mwenyekiti wa AMCOS yakateni dakika tatu, tumeni kama sauti kwenye makundi ya WhatsApp, haifiki hata MB 1, yatafika Dar, yatafika kwa mtoto wa Kilwa aliyeko Muscat ambaye anatuma hela nyumbani na angependa kujua kwao kunaendaje. Mkitaka kurusha redio mtandaoni moja kwa moja nendeni kwanza mkaongee na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, toka kanuni za 2018 mambo ya mtandaoni yana leseni zake. Ila mtambo uendelee kuwaka.

Kitu kingine kinachoniuma ni kumbukumbu. Muziki wa dansi wa miaka ya sitini na sabini tunaousikia leo umebaki kwa sehemu kubwa kwa sababu RTD waliingiza bendi studio, wakarekodi, wakatunza riili. Nyie mnarekodi mzee wa Kimwera anaeleza habari za Majimaji alizopewa na babu yake, Ijumaa kompyuta imejaa mnafuta ili nyimbo mpya ziingie! Eksteno, ile diski ya nje ya kompyuta, ya TB 1 sio bei ya ng'ombe. Nunueni mbili, moja ikae studio, nyingine ikae nyumbani kwa mtu mwenye akili timamu, na kila faili liandikwe jina la aliyeongea, kijiji na tarehe, sio "new recording 47".

Wamiliki nao wasome hapa. Kijana anajitolea mwaka wa tatu, nauli mnampa kwa kusuasua, alafu mnategemea ambane mkurugenzi kwa maswali? Atachukua bahasha, na mi sitamlaumu yeye kwanza. Muda mnaowauzia waganga na kampuni za mikeka ya kubeti mnajua unaingiza shilingi ngapi, na mishahara nayo mnaijua, kaeni chini mfanye hesabu mbele ya wafanyakazi.

Mvua za masika ziko njiani kila mwaka na kila mwaka kuna transmita inapigwa radi kwa sababu waya wa ethi, ule unaopeleka radi ardhini, umeibiwa au umeliwa na kutu. Kagueni sasa hivi. Mwenye swali anitumie voisi nouti, simu za usiku sipokei.

Mzee wenu, fundi mitambo mstaafu, Lindi