Barua kwa wazazi: kufunga muhula wa kwanza na habari za kitalu chetu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam kwenu nyote, na poleni na baridi ya Lushoto. Ijumaa hii tunafunga muhula wa kwanza. Kila mwanafunzi atarudi nyumbani na ripoti yake kwenye bahasha, na naomba ifunguliwe na mzazi au mlezi mwenyewe. Ukurasa wa mbele una alama za masomo. Ukurasa wa nyuma, ambao wengi huwa hatuugeuzi, una maelezo ya tabia, michezo, klabu na kazi za kujitolea. Barua hii nimeiandika kwa ajili ya ukurasa huo wa nyuma.

Muhula huu wazazi kadhaa wamefika ofisini kwangu na ombi moja: mtoto aondolewe kwenye klabu au kwenye timu kwa sababu alama zimeshuka. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, nimemleta mwanangu asome, sikumleta amwagilie miti." Sikubishana naye. Ni mzazi anayebeba kabichi hadi gulioni alfajiri ili mtoto apate sare na madaftari, na ana haki ya kuuliza muda wa mwanawe unakwenda wapi. Nilimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, yeye pamoja na wazazi wote.

Mwezi Septemba mwaka jana bomba la shule lilianza kutoa maji ya tope, kisha likawa linatoa kidogo sana. Wanafunzi wa Klabu ya Malihai, yaani klabu yetu ya mazingira, walitaka kujua sababu, wakapanda juu na mwalimu wao wa Jiografia kukiangalia chanzo. Wakakuta mashamba ya mboga yameshuka hadi ukingoni mwa chemchemi. Waliporudi darasani mwalimu akawasomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Basi wakatafuta kamba ya katani, wakaifunga fundo kila baada ya mita moja, na Jumamosi iliyofuata tukapanda pamoja kupima. Nilikuwa nimeshika mwanzo wa kamba. Fundo la sitini liliangukia katikati ya tuta la karoti, karoti nzuri kabisa zilizobakiza wiki chache kuvunwa, na mwenye shamba alikuwa amesimama palepale na jembe lake anatutazama.

Hapo ndipo nilipoona watoto wetu wanakua. Hakuna aliyempigia mzee yule kelele za sheria. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alitangulia, akamwamkia shikamoo, akamweleza walichokuja kufanya, kisha akamuuliza yeye anakumbuka maji yalikuwaje zamani. Mzee alikaa chini, akazungumza nao karibu saa nzima. Ilichukua vikao viwili zaidi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hadi wakakubaliana kwamba avune karoti zake kwanza, halafu ukanda ule uachwe upandwe miti. Mimi nimekuwa mwalimu miaka mingi na nimewahi kukaa kwenye vikao vya watu wazima vilivyoharibika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Miti yenyewe waliichagua kwa kuuliza wazee. Waliambiwa wasipeleke mikaratusi karibu na maji kwa kuwa inayanywa, wakaamua kuotesha mikuyu na mishai. Wakajaza viriba kwa udongo wa msituni, samadi na mchanga, wakatengeneza kitalu nyuma ya jengo la maabara, wakapanga zamu za kumwagilia, asubuhi kabla ya kengele na jioni kabla ya kwenda nyumbani.

Mtunza daftari la zamu alikuwa mvulana ambaye sasa yuko kidato cha pili. Jina lake silitaji. Mwaka jana alipoingia kidato cha kwanza alikaa dawati la nyuma na sauti yake hatukuijua. Wazazi wenzangu, tunalijua tatizo hili hata kama hatulizungumzi sana: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika sekondari anakuta masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine, yamegeuka Kiingereza. Mwenye jibu kichwani ananyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Mwaka mzima unaweza kupita hivyo, na sisi walimu tukaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mpole.

Kitaluni lugha haikumzuia. Alikuwa na daftari, kalamu na wajibu, na kumwita mtu wa kidato cha nne amkumbushe zamu yake ilikuwa sehemu ya kazi. Aliianza kwa kunong'ona. Kufikia Desemba nilikuwa namsikia kutoka ofisini.

Mwezi Februari jua lilikuwa kali, na wiki ya majaribio kila mtu akajifungia na madaftari. Siku nne kitalu hakikumwagiliwa. Jumatatu tulikuta mistari mitatu ya miche imekauka, majani yamejikunja kama tumbaku. Kabla hata mwalimu wa klabu hajauliza, mvulana yule aligonga mlango wangu. Alisimama, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, Alhamisi na Ijumaa zamu ilikuwa yangu. Nilijiandikia kwamba nimemwagilia, lakini sikumwagilia." Alikuwa amekuja na daftari, na ule uongo alikuwa ameshaukata kwa mstari wa kalamu nyekundu.

Nilimuuliza anataka tufanye nini. Akasema ameomba mbegu nyingine, na kwamba amezungumza na wenzake zamu ziwe za watu wawili wawili, ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Zamu zinakwenda hivyo mpaka leo. Mwezi Aprili, masika yaliposhika, klabu ilipanda miche yote iliyosalimika kwenye ukanda ule wa chemchemi, na mzee wa karoti alikuwa anawachimbia mashimo.

Sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Alama za mvulana huyu za Hisabati bado ni za chini, na ripoti yake inasema hivyo. Lakini mwalimu wake wa Hisabati ameniambia kwamba sasa ananyosha mkono na kusema "sijaelewa", na mwalimu yeyote atakuambia kwamba kazi yetu inaanzia hapo. Wapo pia waliozama kwenye michezo na klabu wakasahau vitabu. Hao nimewaita na wazazi wao, mmoja mmoja, na tumepunguza siku zao bila kuwaondoa kabisa. Ninachowaomba msifanye ni kumtoa mtoto kwenye klabu kama adhabu ya alama mbaya. Mara nyingi ndiko mahali pekee shuleni ambapo mtoto huyo anaona anafaa, na ukimfungia huko unambakizia darasa analoliogopa.

Neno adhabu linanikumbusha jambo jingine. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka kazi na masomo viishi pamoja, lakini wengi wetu tuliosoma miaka ya themanini tunakumbuka jembe la shule kama fimbo nyingine: umechelewa, kalime, umepiga kelele, kachimbe shimo. Mtoto anayefundishwa kazi kwa njia hiyo anaichukia maisha yake yote. Kwa hiyo tangu Januari nimepiga marufuku kumpeleka mwanafunzi mkosaji kitaluni au shambani. Anayekwenda kule anakwenda kwa sababu yumo kwenye klabu, na ameomba mwenyewe. Mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo uko nchi nyingi, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walipoketi barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na kumweleza mambo yaliyowakera katika maeneo yao. Walikuja na maswali yao wenyewe, kama hawa wetu walivyoanza na swali la bomba.

Kuhusu michezo nitasema kwa ufupi. Timu yetu ya netiboli ilishiriki UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikaishia ngazi ya wilaya. Netiboli hairuhusu mtu kutembea na mpira wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, na mwanzoni mwa mwaka tulikuwa na mfungaji hodari aliyetaka kila pasi imfikie yeye. Mechi ya mwisho tulifungwa, lakini aliyetoa pasi nyingi siku hiyo ni yeye, na baada ya filimbi alikwenda kumshika mkono mlinzi wetu aliyekuwa analia. Kaandikiwa hilo kwenye ripoti. Naomba nyumbani asipokewe kwa maneno ya kufungwa.

Mambo ya likizo. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwezi Novemba, na kazi zao za likizo zimo ndani ya bahasha. Wapeni walau saa mbili kwa siku bila kuwatuma. Michango ya mahindi na maharage ya chakula cha mchana ipokelewe wiki ya kufungua, kama tulivyokubaliana kwenye mkutano wa wazazi. Sweta ya shule ni muhimu mwezi Julai, na asiyeweza kununua kwa sasa aje tuzungumze, kabati la ofisi lina chache zilizoachwa na waliohitimu.

Miche iliyopandwa Aprili bado midogo, na mvua zimekatika. Wanachama wa klabu wanaoishi karibu na shule wamepanga kwenda chemchemini kuimwagilia kila Jumatano na Jumamosi asubuhi wakati wa likizo, wawili wawili, na mwalimu wa zamu atakuwepo. Orodha ya majina imebandikwa langoni. Ukikuta jina la mwanao, naomba umruhusu, na ukiweza, nenda naye siku moja. Ndoo za shule ni nne tu, kwa hiyo mwenye dumu asiache kuja nalo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule