Mbwa Dume Anapoamka Gunia Limelowa

Juzi mzee mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, alituletea mbwa wake wa ulinzi, dume la miaka tisa. "Daktari, huyu siku hizi ana kiburi, anakojoa palepale anapolala. Nimemchapa, hasikii." Tukamgeuza. Manyoya ya tumboni yameganda, ngozi chini yake nyekundu imechubuka, na nzi wameshaanza kutaga. Mbwa huyo hakuwa na kiburi. Alikuwa mgonjwa.

Dume anayeweka alama ya eneo lake kwa mkojo yuko macho: ananusa ukuta, anainua mguu, anatoa matone mawili, anaondoka. Anayetokwa na mkojo bila kujua hulala mkavu akaamka amelowa, au hudondosha akitembea. Kumchapa huyo ni kumwonea.

Kwa dume mzee ambaye hajahasiwa, tunaanza kwa kupima tezi dume. Ikivimba, utaona pia matone ya damu uumeni, au anajikamua muda mrefu na kinyesi kinatoka chembamba kama utepe. Kama ni uvimbe wa kawaida wa uzee, tukimhasi tezi husinyaa ndani ya wiki chache. Wengine wana maambukizi ya kibofu, wengine waligongwa na bodaboda na uti wa mgongo ukaumia. Kuna pia wenye kisukari au figo mbovu, wanaomaliza ndoo ya maji kwa siku. Tafadhali msimnyime maji, mtamuua.

Linalotutia hofu zaidi ni jiwe. Mbwa dume ana mfupa ndani ya uume, na mrija wa mkojo unapita kwenye mfereji wa mfupa huo. Jiwe dogo likishuka kutoka kibofuni hukwama hapo. Kibofu kinajaa, matone machache yanapenya, nawe unadhani anakojoa ovyo kumbe amezibwa. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, tumbo limekaza, anatapika, mlete saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya nyumbani. Zinaharibu figo na kutoboa tumbo.

Kama anakojoa vizuri ila analowesha gunia, mfungulie alfajiri, kinga mkojo kwa upawa safi uliokauka, mimina kwenye chupa yenye kifuniko, na uufikishe kwetu ndani ya saa mbili. Usipopata usafiri, tupigie. Mwanga, Ujiji na Kibirizi tunafika nyumbani.