Kaka, mama hakuwa chini ya mstari

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa. Wanaosoma wanisute kama nimekosa.

Siku ile ya kikao, baada ya hitima, ulinivizia. Wajomba wamekaa, kahawa inazunguka, ukatoa simu ukawasomea: utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, umaskini Tanzania Bara asilimia 26.4, mstari wa umaskini shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukanigeukia. "Haya, mchumi wetu. Mama alikuwa maskini au hakuwa?"

Ningenyamaza. Mimi nikachukua bahasha ya rambirambi, nikaanza kuandika nyuma yake. Mahindi na maharage ya shambani, maana chakula cha kujilimia nacho huwekewa bei. Sukari, mafuta ya taa, na vingine alivyonunua kwa hela niliyokuwa namtumia. Nikajumlisha mara mbili. Nikakwambia, hakuwa.

"Kumbe mama kafa tajiri!"

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Kicheko kile sijakusamehe.

Najua ninachodaiwa. Uliacha shule kidato cha pili ili ipatikane ada ya mmoja, na mmoja huyo nikawa mimi. Ndiyo miaka ya kuchangia gharama, hata hospitali za serikali zilianza kutoza 1993. Nilipofika Chuo Kikuu, Mlimani, nikachagua kusomea uchumi wa hayohayo, kwa ajili yako, ingawa hukuwahi kuniuliza. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa 2001 madarasa yalifurika, watoto wakakaa chini, na wanao walikuwemo. Hilo kwenye kikao hukulisoma.

Unasema niachane na ripoti za wafadhili nirudi Lushoto nikalime. Haya, nami nikushauri: usidharau hesabu. Mstari ule hupimwa kwanza kwa chakula cha kumtosha mtu, ndipo mahitaji mengine yaongezwe. Mstari usipokuwepo, kila kiongozi atasema watu wake wameshiba. Nimeufundisha miaka kumi na tisa. Ningeukanaje mbele ya wajomba eti kwa kuwa marehemu ni mama yangu?

Lakini usiku ule sikulala. Dawa za presha sikuziandika, kaka. Nani alikuwa anazilipia?

Lile daftari lake la madeni ya mapea unalo wewe. Nipigie picha kurasa za mwisho tu. Kama alikuwa anakopa, hesabu yangu inabadilika.

Mdogo wako.