Harambee ya Paa na Magurudumu ya Tramu Zetu

Ndugu na marafiki,

Paa la banda letu la tramu za kale, yale magari ya abiria yanayokwenda juu ya reli za mjini kwa umeme, linavuja, na linavuja mahali pabaya kuliko pote: juu ya sehemu ya ukarabati, tulikoziweka mota mbili za tramu yetu kongwe. Tumezifunika kwa turubai. Lakini turubai huzuia matone, haizuii unyevu, na adui mkubwa wa mota hizi ni unyevu.

Anayeiona mota ya tramu kwa nje huona kasha zito la chuma tu. Ndani yake mna mizingo ya waya wa shaba, na waya wa zama zile umevishwa pamba iliyolowekwa vanishi. Tramu nyingi za kale huendeshwa kwa umeme wa volti 500 hadi 600 hivi. Pamba ikishakunywa maji, umeme hutoka nje ya njia yake, na mzingo ukaungua. Kuusuka upya ni kazi ya mkono, zingo kwa zingo, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni mabati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni shaba.

Ombi la pili ni magurudumu. Gurudumu la tramu huvikwa tairi la chuma. Tairi hilo huchongwa kwa ndani likiwa dogo kidogo kuliko gurudumu, kisha huchomwa moto mpaka likatanuka. Likiwa bado la moto huvishwa gurudumu, na likipoa hujibana lenyewe. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, ila inataka karakana yenye tanuri na mashine ambazo sisi hatuna. Matairi ya tramu yetu kongwe yamelika. Ule ukingo unaolishika gurudumu lisiruke reli umekonda kupita kipimo, na hatutambeba abiria hata mmoja juu yake, awe mtoto au mtu mzima, mpaka matairi mapya yafungwe. Katika hili hatubishani na mtu.

Wapo wanaotushauri, kwa nia njema, tuiache isimame tu, watu waje waitazame na kupiga picha. Tumelifikiria hilo kwa dhati, na jibu letu ni hapana. Tramu inajulikana ikitembea. Dereva akisogeza mkono wa mwendo kutoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, mota huguna na sakafu ya mbao hutetema chini ya viatu. Reli ikiwa imelowa, humwaga mchanga mbele ya gurudumu ili lipate kushika. Kengele yake huipiga kwa kisigino. Mambo haya hayaandikiki kwenye kibao cha maelezo yakaeleweka, na kila mzee anayepanda akaanza kusimulia safari zake za ujana hutuonyesha hivyo.

Hata hizo zilizobaki duniani hazikubaki zenyewe. Tramu ya umeme ilianza kuchukua abiria kwa huduma ya kudumu mwaka 1881, Lichterfelde karibu na Berlin, kazi ya Werner von Siemens. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji baada ya mji uling'oa reli zake. London iliaga tramu zake Julai 1952, na nyingi zikachomwa moto pale Charlton ili kivunwe chuma chake. Sydney ikafuata 1961, Glasgow 1962. Zilizonusurika zilinusuriwa na watu wa kawaida waliojichangisha. Mwaka 1948 wapenzi wa tramu walionunua namba 45 ya Southampton waliipata kwa pauni 10. Hawakuwa hata na banda la kuiweka. Leo namba 45 ipo katika makumbusho ya Crich, Uingereza, yaliyojengwa ndani ya machimbo ya mawe na watu wa kujitolea. Huko Maine, Marekani, vijana walianza vivyo hivyo mwaka 1939 kwa kununua tramu moja tu, nayo ikazaa makumbusho ya Seashore.

Kwetu pia hakuna anayelipwa. Dereva, kondakta, mkata tiketi na yule anayelala chini ya behewa akikwangua kutu, wote wanajitolea. Fedha ya tiketi huishia kwenye umeme na bima. Mikono tunayo, kinachotushinda ni chuma, mabati na ada ya karakana.

Tunaomba basi mchango wako, kwa kiasi chochote. Utakaopatikana mwanzo utakwenda kwenye paa. Likishaezekwa, tutaagiza matairi, kisha mota zipelekwe kukaushwa na kupimwa. Zikibaki fedha, zitawekwa akiba kwa ajili ya nguzo za waya wa juu unaoipa tramu umeme, ambazo nazo zinaanza kuinama. Asiye na fedha alete mbao ngumu zilizokauka vizuri, au ujuzi: tunamhitaji hasa fundi wa kuchomelea na mtu anayejua kusoma michoro ya zamani ya umeme. Mwenye picha za tramu zikiwa kazini atuazime tuzinakili, kwani rangi halisi ya mlango wa mbele bado inatutatiza.

Michango ipelekwe kwa mweka hazina, naye atakupa stakabadhi. Hesabu yote, ya kilichoingia na kilichotoka, itabandikwa mlangoni pa banda kila mwisho wa mwezi.