Barua kuhusu mlio wa tapeti

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Chanika. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeisoma kwa makini, maana najua pikipiki hiyo ndiyo inayolisha nyumba yako. Unasema injini ililia kichwani, fundi wa kwanza akakaza tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, na mlio ukapotea, kisha ukarudi kabla mwezi haujaisha, na sasa fundi wa pili anakutaka ununue taimingi cheni, mnyororo wa ndani ya injini unaozungusha kamshafti. Nakuomba usinunue kitu chochote kwanza.

Injini yako ni ya muundo wa Honda CG125, kama zilivyo pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria hapa mjini, na injini hiyo haina taimingi cheni. Honda waliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako oili huchelewa kubadilishwa, wakaiacha cheni makusudi. Kamshafti, ile shafti yenye vinundu vya kufungulia valvu, imekaa chini na huzungushwa na giya. Juu yake hupanda vipande viwili vya chuma, ambavyo nitaviita lifta, navyo husukuma pushrodi, fito mbili ndefu, hadi kwenye roka, mikono midogo iliyo kichwani mwa injini, na roka ndizo zinazofungua valvu, milango ya hewa na moshi. Cheni unayoambiwa imo kwenye injini zenye kamshafti juu, kama ile ya Boxer, na huenda fundi huyo amezoea hizo.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika, tapeti moja hugonga mara 700 kwa dakika. Mlio wake ni mwepesi na wa haraka, kama cherehani, na hufuata mwendo wa injini bila kujali kama umebeba abiria au hukubeba. Mlio mzito wa kugonga unaozidi unapopanda kilima na mzigo hautoki kwenye tapeti. Huo huelekea kwenye konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, na beringi zake. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye mfuniko wa roka na mpini karibu na sikio, kisha uihamishe chini, ubavuni mwa injini, usawa wa kamshafti. Mlio ukisikika kwa nguvu zaidi huku chini kuliko kichwani, shuku lifta.

Halafu pima, asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Toa plagi, fungua vifuniko vya tapeti, zungusha injini mpaka alama ya T kwenye flaiwili, gurudumu zito la krankshafti, ilingane na alama ya kwenye kava, na uhakikishe roka zote mbili zinacheza. Zikiwa zimekaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Honda CG125 hutaka nafasi ya milimita 0.08 kati ya roka na ncha ya valvu, kwa valvu zote mbili, na fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi, inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu skrubu husogea nati inapokazwa.

Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa wenyewe. Nafasi ikiwa imepungua tangu ulipoirekebisha, mara nyingi valvu inazama kwenye kiti chake. Nafasi ikiwa imeongezeka, kuna chuma kinacholiwa mahali fulani kati ya kamshafti na ncha ya valvu. Kwa mlio wako unaorudi, natarajia utaikuta imeongezeka, na kuikaza tena hakutaponya kitu. Nina hofu zaidi na tapeti iliyokazwa kupita kiasi kuliko ile inayolia: valvu ya moshi isipofunga vizuri haipati nafasi ya kupoa kwenye kiti chake, na huungua kimyakimya huku mwenye pikipiki akifurahia utulivu. Vilevile usikubali kuwekewa oili nzito ili kufunika mlio.

Inawezekana pia ukapima, ukapata 0.08 kamili, na mlio ukabaki. Hapo angalia kwa tochi sehemu roka inapokutana na ncha ya valvu. Ikiliwa, huchimbika kishimo kidogo, na fila geji, kwa kuwa ni bapa, hulala juu ya kingo za kishimo hicho. Nafasi halisi ni kubwa kuliko ile unayoisoma.

Roka zikiwa salama, shuka chini. Mwaga oili ikiwa ya moto, ichuje kwa kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Unga unaonata ni wa chuma, nao unaweza kuwa umetoka kwenye lifta, kamshafti au giya. Unga usionata mara nyingi ni wa alumini, na huo una habari nyingine. Pushrodi zizungushe juu ya kioo, iliyopinda itaonekana mara moja. Lifta nzuri uso wake ni laini na unang'aa. Pitisha ukucha, na ukikwama kwenye mfereji au vidonda vidogo, lifta hiyo imekwisha. Ngozi yake ngumu ni nyembamba sana, na ikishatoboka, chuma cha ndani huliwa haraka, ndiyo maana mlio wako umerudi upesi.

Usibadilishe lifta pekee na kuiacha kamshafti iliyoliwa, kwani hiyo ya zamani itaila mpya. Nunua vyote pamoja, na ukifika Kariakoo nenda na vile vya zamani mkononi uvilinganishe, maana vya injini za Kichina hufanana kwa macho lakini vipimo hutofautiana. Vipake oili kabla ya kufunga, safisha chujio la wavu lililo chini ya injini, na ubadilishe oili mapema baada ya matengenezo. Injini hiyo hubeba takriban lita moja tu, na lita hiyo inafanya kazi kwenye foleni ya Gongo la Mboto, injini ikinguruma bila upepo wa kuipoza. Angalia kipimo chake kila asubuhi.

Ukishapima, niandikie nafasi ya kila valvu jinsi ulivyoikuta kabla ya kuigusa. Kama huna fila geji, mwambie kijana wako yeyote anayekuja mjini apitie hapa, nitampa yangu.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Tabata