Shukrani kwa kaka mvuvi wa Ziwa Ellis

Kaka, jina lako hatukulipata, ila ulisema kwenu ni Likoni. Sisi watu wa Mombasa tumezoea usawa wa bahari. Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, liko juu ya mita 3,000. Mdogo wangu alipoanza kutapika na kichwa kumgonga kwa sababu ya kimo kile, wewe uliikunja mishipi yako (na siku ile samaki wa trauti walikuwa wanakula kweli!), ukasema dawa ni kushuka, asilale pale. Ukambebea begi, ukamshika mkono hadi getini. Tulivyozidi kushuka ndivyo alivyopata nafuu. Mama anakuombea kila swala. Ahsante sana kaka. Ukirudi nyumbani tujulishe, wali wa nazi na nguru tutakupikia.