Mwanangu, Baiskeli Hii Hatuiuzi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, na baba yako anakusalimu, ingawa sasa hivi amelala, miguu juu ya mito. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikausoma tena leo asubuhi. Unasema umeiona picha yetu na moyo ukakuruka: wazazi wako wamekaa chini vile, karibu kugusa lami, na magari yanapita. Unasema hicho ni chombo cha wagonjwa. Unatushauri tukiuze, tutembee kwa miguu kama wenzetu wa rika letu. Najua hofu hiyo inatoka kwenye mapenzi, ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa mistari miwili ya simu. Baiskeli hii yetu ya magurudumu matatu, ya watu wawili, hatuiuzi, na nataka uelewe kwa nini.

Baba yako, tangu kile kizunguzungu cha sikio la ndani, aliacha kupanda baiskeli ya magurudumu mawili. Miguu haikumkataa. Kilichomkataa ni ule wima, hasa mwendo unapopungua na baiskeli inaanza kuyumba. Wewe ulikuwa mbali, hukuona alivyokuwa akiitoa baiskeli yake, anaifuta vumbi, anatia mnyororo mafuta, kisha anairudisha ukutani. Mimi nilikuwa naona, na sikuwa na la kusema.

Tena hata kabla hajaugua, kutoka kwetu pamoja kulikuwa na kasoro moja ambayo hatukuwahi kukwambia nyinyi watoto. Yeye ana nguvu kunizidi. Kwenye mlima alitangulia, akanisubiri juu. Mimi nikifika nahema, yeye ameshapumzika na anataka kuondoka. Akipunguza mwendo kwa ajili yangu, naona anavyojizuia. Nikijitutumua kwa ajili yake, sioni njia wala miti, naona gurudumu lake tu.

Sasa hebu nikueleze kile ulichokiona pichani. Magurudumu mawili yako mbele, moja nyuma. Viti vimefuatana, na kila kiti kina mgongo wa kuegemea kama kiti cha kupumzikia. Miguu inanyooka mbele, kwa hiyo unanyonga kwa kusukuma mbele wala si kwa kukanyaga chini. Baba yako anakaa mbele na usukani, gia na breki kuu. Mimi nakaa nyuma yake, na mnyororo unakusanya nguvu za wote wawili kwenye gurudumu la nyuma. Tukitaka kusimama, tunasimama. Hakuna wa kuteremsha mguu, hakuna kuyumba. Mlima ukiwa mkali tunaingiza gia nyepesi kabisa na kupanda polepole kama mtu anayetembea, na hatuanguki, kwa sababu magurudumu matatu hayahitaji mwendo ili yasimame. Kizunguzungu cha baba yako hakina pa kumshikia.

Kuhusu nguvu zisizolingana, kuna kisa ninachokipenda. Huko Coventry, Uingereza, katika miaka ya 1870, kulikuwa na fundi aitwaye James Starley. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiendesha na mwanawe chombo cha watu wawili wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja akizungusha gurudumu la upande wake. Kijana alikuwa na nguvu zaidi, basi chombo kikawa kinapinda kila mara kuelekea upande wa baba. Starley hakumwambia mwanawe apunguze nguvu. Mwaka 1877 alikuwa na mfumo wa gia unaopeleka nguvu kwenye magurudumu mawili huku ukiyaacha yazunguke kwa kasi tofauti. Mafundi wa magari huuita difu, na gari lako unalolipenda sana linapinda kona vizuri kwa sababu ya gia ya aina hiyo.

Baiskeli yetu haihitaji difu, maana linalosukumwa ni gurudumu moja. Ila fundi ametufungia kifaa kinachomruhusu kila mtu aache kunyonga bila kumsimamisha mwenzake. Nikichoka, napumzisha miguu, baba yako anaendelea. Akichoka yeye, naendelea mimi. Yeye anatoa alichonacho chote, mimi natoa changu, na tunafika juu ya mlima kwa dakika ile ile, tukiwa bado katikati ya mazungumzo. Miaka yote tuliyopanda baiskeli hilo halikuwahi kutokea.

Na si chombo cha wagonjwa, mwanangu. Mfaransa Charles Mochet alitengeneza baiskeli za kuegemea zamani sana, zikiwemo za magurudumu manne za kubeba watu wawili. Mwaka 1933 mwendesha baiskeli Francis Faure alipanda moja ya Mochet ya magurudumu mawili akavunja rekodi ya mwendo wa saa moja, zaidi ya kilomita 45. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la baiskeli likaziondoa baiskeli za namna hiyo kwenye mashindano yake. Ziliondolewa zikiwa zinashinda. Aliyelala hapati upepo mwingi kifuani kama aliyeketi wima, na hilo tumelihisi wenyewe.

Tulitoka asubuhi, siku ya kwanza ya majira haya ya kuchipua ambayo jua lilikuwa na joto la kweli. Kivulini bado kulikuwa na baridi, na miguu ikiwa mbele ndiyo inayokutana na upepo kwanza, kwa hiyo tulivaa soksi nzito na nguo za kuvua moja moja. Barabara zilikuwa bado na changarawe za majira ya baridi, na mashimo yaliyopasuliwa na maji yaliyoganda. Baiskeli ya kawaida unalikwepa shimo kwa kuipinda kidogo. Hii ina njia tatu ardhini, ukiliokoa gurudumu moja unalipeleka jingine. Mimi nyuma sioni kilicho mbele ya kiti cha baba yako, basi yeye husema kila kitu kwa sauti: shimo, kona, nabadilisha gia, naacha kunyonga. Ndoa yetu imekuwa na vipindi vya kimya kirefu, unavijua. Juu ya baiskeli hii kimya hakifai. Mtu wa mbele anaona kwa niaba ya wawili, lazima aseme anachokiona.

Lakini mimi nina kitu ambacho yeye hana: mikono yangu haina kazi ya usukani. Nashika ramani, natoa ishara ya kupinda, natazama kioo na kumwambia gari linapokuja. Na natazama juu. Kwenye baiskeli ya zamani shingo ilikuwa imekunjwa na macho yako chini. Hapa kichwa kimeegemea, na mbele yako ni anga. Matawi yalikuwa yametoa machipukizi tu, majani hayajafunguka, kwa hiyo mwanga ulipita hadi chini na ndege walionekana waziwazi, kila mmoja na kijiti mdomoni. Nilikuwa namwelezea baba yako ninachokiona naye anajibu bila kugeuka. Saa zilipita hivyo. Tulisimama kula kando ya njia na hatukushuka hata vitini, tulifunga breki ya kuegeshea tukala hapo hapo, kwenye jua.

Sasa ile hofu yako ya magari. Una haki, na hatuchezi na jambo hilo. Nyuma kuna mlingoti mrefu wenye bendera, na taa tunawasha mchana kweupe. Viatu vinabanwa kwenye pedali, kwa sababu mguu ukiteleza chini huku chombo kinakwenda unaweza kuvutwa chini ya fremu na kuvunjika. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi kuliko magari. Kwenye kona chombo hiki hakilali upande kama baiskeli, hivyo tunapunguza mwendo kabla ya kupinda na kuegemeza miili ndani. Kwenye mteremko uzito wa wawili unakimbia sana. Kuna breki ya tatu kwenye gurudumu la nyuma, ninaishika mimi, ili za mbele zisipate moto. Barabara kuu tunaikwepa, hata kama njia inarefuka.

Ukija, usije na maneno ya kuuza. Njoo na viatu vya soli ngumu. Pedali za mbele husogezwa kulingana na urefu wa mguu, baba yako atakupimia, nawe utakaa kiti changu kwanza, kisha chake. Kila tukitoka nitakutumia ujumbe tunapoanza na tunaporudi, na tukichelewa nitakupigia. Hilo naweza kukuahidi, lile la kuuza siwezi.

Mama yako